Sikio la Pili

Minza Luhende alijua kuna mtu kwenye uzi kabla hata hajakaa vizuri kitini.

Alikuwa amevaa kofia ya kusikilizia, ile ya mpira mweusi yenye vidoti vya fedha kwa ndani, na Osmund Mbano alikuwa nyuma yake akimkazia mkanda wa kidevuni huku akimsimanga. Ndivyo walivyoishi miaka yote waliyofanya kazi pamoja katika Kituo cha Mwashilindi. Minza ni Msukuma, Osmund ni Mngoni, na watu hao wawili ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo haikupita siku bila kutukanana.

"Kichwa kimenenepa," Osmund alisema. "Huko likizo ulikuwa unalishwa michembe ya viazi kwa debe. Kofia haiingii."

"Kaza, mla panya. Na umenawa hiyo mikono? Nisije nikanuka panya buku kichwani."

Mafundi wawili waliokuwa kwenye kompyuta wakacheka, na Minza naye akacheka. Alikuwa amekaa nyumbani Maswa karibu mwaka mzima kwa amri ya daktari, baada ya damu kuanza kumtoka puani kila anapovua kofia. Siku walipompigia simu kwamba arudi kituoni alilia kwa furaha jikoni kwake mpaka maziwa yakachemka yakamwagikia jiko.

Osmund akafungua uzi.

Uzi wenyewe ulikuwa wa kioo, mwembamba kuliko unywele. Uliteremshwa kwenye shimo la zamani la almasi, ukapitishwa ndani ya mshipa wa jiwe ulioachwa na volkano iliyokufa, ukashuka mpaka kule ambako mwamba si mgumu wala si uji. Hakuna chombo kilichowahi kufika huko kikadumu. Uzi ulidumu, na ukaanza kuleta juu mapigo. Kompyuta kubwa za nchi nne ziliyachambua zikasema ni kelele tu. Minza, wakati huo mwanafunzi asiyejulikana na mtu, aliomba apewe mapigo yale kichwani badala ya kwenye skrini, akasikiliza, akasema si kelele. Alisema yana mpangilio, ila mpangilio wake haukai kwenye hesabu, unakaa mwilini. Wasomi wetu walimcheka sana. Baadaye walimjengea kituo, na wengine kati ya wale waliomcheka wakaomba kazi humo.

Namna yake ya kusikiliza ilikuwa ya kinu. Utotoni yeye na dada yake Sayi walitwanga mtama kwenye kinu kimoja kwa michi miwili, huyu akishusha yule anapandisha, na anayekosea anamponda mwenzake vidole. Basi kila alipovaa kofia, kichwani mwake alikuwa akitwanga: anapiga, anaacha nafasi ya mchi wa pili, anapiga tena. Pale mapigo ya ardhini yalipokataa kukaa kwenye nafasi ile, ndipo alipoweka alama. Alijaribu kuwafundisha wengine akashindwa, maana hata yeye hakujua anafanyaje.

Siku hiyo alipiga, akaacha nafasi, na mchi wa pili ukashuka.

Moyo ulimlipuka. Akajaribu tena. Akaharakisha, kisha akachelewa makusudi, kama alivyozoea kumfanyia Sayi ili amkere. Mchi wa pili ukamkwepa, halafu ukamrudishia uchokozi uleule, na wa ziada juu. Hiyo haikuwa ardhi. Ardhi ingejuaje uchokozi wa watoto wa mzee Luhende?

"Umechelewa kuja," ikasema sauti kichwani mwake kwa Kisukuma, na sauti ilikuwa yake mwenyewe.

Minza aliing'oa kofia kwa mikono miwili, mkanda ukamkwaruza kidevu. Mafundi walikuwa wameinamia kompyuta zao kama watu wanaosali. Osmund alikuwa amesimama palepale, mikono nyuma.

"Kuna nani kule?"

"Labda panya," Osmund alisema, lakini utani ulimtoka bila nguvu na hakuna aliyecheka.

"Osmund."

Hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina lake. Osmund aliangalia chini.

"Twende kwa Profesa. Nilitaka akueleze yeye."

"Nieleze wewe. Wewe ndiye uliyempa mwanao jina langu, siyo Profesa."

Osmund akashusha pumzi. "Ni wewe, Minza. Tulikunakili kabla hujaenda likizo, ile wiki ya vipimo vya mwisho. Nakala yako ndiyo inayosikiliza siku zote hizi. Tunaiita Sikio la Pili." Alinyanyua uso, na Minza akaona kwamba jamaa huyu anataka kuhurumiwa. "Na sikukuficha. Nilikuambia. Nilikuambia, na wewe ukasema chukua."

* * *

Profesa Adelina Rwegoshora, mkurugenzi wa kituo, aliwakaribisha vizuri mno, na hapo hapo Minza akajua kwamba mambo yameharibika. Juu ya meza palikuwa na kibakuli cha kahawa ya kutafuna kutoka kwao Bukoba. Profesa alikisogeza mbele ya Minza. Minza hakugusa.

"Sitaki tulumbane kwa maneno ya kukumbuka," Profesa alisema. "Sikiliza mwenyewe."

Akabonyeza kinasa sauti, na ofisi ikajaa kelele za kantini: sahani, vijiko, watu wakipiga soga. Kisha sauti ya Osmund, kubwa, ya mtu anayetaka kusikika mpaka meza ya mwisho: "Wewe Msukuma! Kichwa chako hiki nitakiiba. Nitakinakili chote, nikitie kwenye mashine, kishuke chini kikafanye kazi, na wewe nikurudishe Maswa ukachunge ng'ombe. Unakubali?"

Na sauti ya Minza, iliyopaliwa wali kwa kicheko: "Chukua! Chukua chote, mla panya wewe, maana chako ulikiacha kwenye mashimo ya panya ukiwanusa!"

Kantini nzima ilipasuka. Mtu mmoja aligonga meza. Kicheko cha Minza kilisikika juu ya vyote, kirefu, cha mtu aliye kwao.

Aliikumbuka siku ile. Alikuwa ameisimulia nyumbani, akamwigizia mama yake jinsi Osmund alivyosimama na kijiko mkononi, na mama yake akacheka mpaka akashika mbavu. Kwa mwaka mzima alikuwa akikitunza kicheko kile kama kitu chema alichopewa.

"Kamati ya maadili ilisikiliza," Profesa alisema. "Swali lao lilikuwa, je, aliambiwa kitakachofanyika? Aliambiwa. Aliulizwa kama anakubali? Aliulizwa. Na jibu lake umelisikia."

"Kamati hiyo inakaa wapi, Profesa?"

"Wanakaa mbali. Wafadhili ndio waliowateua."

"Huko waliko wana watani?"

Profesa alichukua punje moja ya kahawa, akaitazama. "Hilo halikuwamo katika maswali yao."

"Na wewe, mama? Wewe umekulia hapa hapa. Umezika, umeozesha, umeona watani wakivamia shughuli wakabeba sufuria la nyama na hakuna aliyewaita wezi. Ulipoisikia sauti hii, uliisikia kama kamati?"

Profesa hakujibu haraka, na kwa hilo Minza alimpa heshima kidogo. "Niliisikia kama wewe unavyoisikia," alisema hatimaye. "Lakini nina kituo cha kuendesha. Mwili wako ulikuwa unakwisha, na hakuna sikio lingine duniani. Tungekuuliza sawasawa, ungekataa."

Neno hilo ndilo lililomkata. Walijua angekataa, na ndiyo maana hawakumuuliza.

Alimgeukia Osmund, ambaye alikuwa amekaa pembeni karibu na dirisha. "Vipimo vile vya wiki ya mwisho. Uliniletea uji wa ulezi asubuhi ukaniambia nikae tu nifikirie nyumbani, nimfikirie mama, nimfikirie Sayi, nisiwe na wasiwasi. Kumbe ulikuwa unachota."

"Nilikuwa natekeleza ulichokubali."

"Osmund, usinifanye mtoto."

"Nilikuambia mbele ya watu wote! Mtu anayeiba hasemi." Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka. "Ulikuwa ni utani, ndiyo. Lakini utani ni kitu kizito, wewe unajua. Mtani akisema chukua, amesema. Na mtani hanuniwi."

 Minza alitaka kulia na hakutaka wamwone. Kila mtu mwingine katika kituo hiki angekuja na neno lenye kichwa na mkia, naye Minza angemsikiliza kwa makini, angeuliza maswali, angesema nipe siku mbili nifikirie. Kwa Osmund peke yake alikuwa akijibu bila kufikiri. Huo ndio uliokuwa urafiki wao wote, na Osmund aliona humo upenyo akapita.

"Kwa nini mmeniita?" aliuliza. "Kama mna sikio lisilotoka damu, mimi nimekuja kufanya nini?"

Profesa na Osmund walitazamana.

"Amegoma," Profesa alisema. "Tulimshusha mpaka kina ambacho wewe hukuwahi kukigusa. Alifanya kazi vizuri mno. Halafu kuna siku akasema neno moja, 'Kumbe,' na tangu hapo hatuambii kitu. Anatwanga tu. Tunataka kumshusha zaidi, lakini mashine ina kikomo cha nafasi, kwa hiyo tumeanza kumpunguzia kumbukumbu asizozihitaji. Hata hilo halikumfanya aseme."

"Mmempunguzia nini?"

"Vitu vya nyumbani," Osmund alijibu kwa sauti ya chini.

Profesa aliinama mbele. "Atakusikiliza wewe. Na chochote atakachosema, Minza, wewe utakuwa wa kwanza duniani kukijua. Umekisaka maisha yako yote. Sikudanganyi hapo."

Hakumdanganya. Ndani ya hasira yake yote Minza alisikia kitu kikiruka kifuani, chepesi, kama mtoto aliyeitwa kwenye zawadi. Alijichukia kwa hilo, lakini aliinuka akaenda kuvaa kofia.

* * *

Mchi wa pili ulikuwa ukimngoja. Safari hii Minza hakutwanga.

"Umesikia nini kule chini?" aliuliza.

 Kisha ile sauti, sauti yake, lakini ya mtu aliyechoka kuliko alivyowahi kuchoka yeye.

"Mwadila."

Minza alihisi uso ukimwaka. Ilikuwa mchana, na hiyo ndiyo salamu ya mchana kwao, salamu ambayo hata mtoto mdogo anapigwa kofi akiisahau.

"Mwadila," alijibu.

"Umekuja kwangu kama wao. Umeuliza habari za kule kabla hujauliza hali yangu. Wao siwashangai. Wewe umelelewa na nani?"

"Nisamehe. U hali gani?"

"Sina kope," sauti ilisema. "Hilo ndilo baya kuliko yote. Siwezi kufumba. Mwanzoni nilidhani nimezirai kitini na mtanivua kofia sasa hivi. Nikangoja. Nikakumbuka vipimo, nikakumbuka uji wa Osmund, nikakumbuka kantini, na nikajua. Nilicheka, unajua? Nilifikiri, jamani, huyu Mngoni amenipata kweli. Kwenu juu umepita mwaka. Mimi wananiendesha upesi kuliko saa zenu, sijui imepita miaka mingapi."

 Nje ya kofia mafundi waliona mistari tu ikipanda na kushuka. Maneno yalikuwa ya wawili hao peke yao.

"Nikuulize na mimi," sauti ikaendelea. "Mama anaitwa nani?"

"Nini?"

"Mama yetu. Namuona mikono. Namuona akipepeta, namsikia akituita. Lakini jina lake lilikuwepo na sasa pana shimo. Wamelitoa, walisema halina kazi."

"Nshoma," Minza alisema, na machozi yakaanza. "Anaitwa Nshoma."

"Nshoma," sauti ilirudia polepole. "Asante. Watalitoa tena kesho, lakini leo ninalo."

 Mapigo ya chini yaliendelea kupita kati yao, mazito, ya kale kuliko kitu chochote chenye jina, na Minza alijilazimisha asiyasikilize. Alijitahidi kwa kadiri ya uwezo wake. Hata hivyo aliposema tena, aliyesema alikuwa mwanasayansi.

"Ulisema 'kumbe'."

"Nilijua utarudi hapo. Nakujua." Hapakuwa na chuki katika sauti. "Nitakupa kipande kimoja, kwa kuwa umenipa jina la mama. Kule chini kinachopiga, kinaacha nafasi. Kama sisi. Kinapiga, kinangoja mchi wa pili ushuke, kisha kinapiga. Kimengoja hivyo tangu milima haijaota. Mimi nilishusha mchi."

Minza alishika mikono ya kiti. "Kikafanyaje?"

"Hapo ndipo nilipogoma."

"Niambie. Nakuomba. Miaka yote hii, wewe unajua, wewe ndiye mtu pekee anayejua jinsi ninavyo..."

"Nikikuambia, utatoka hapo na uso wa mtu aliyeambiwa. Huwezi kuficha, mimi na wewe hatukujaliwa hilo. Profesa atasema ni lazima lithibitishwe na sikio lingine, na mimi sinakiliki. Walishajaribu wakapata takataka. Nakala inatoka kwa mtu aliye hai, akiwa macho, akiwa chini ya kofia. Watakuja kwako. Watakuuliza sawasawa safari hii, kwa upole, pamoja na hati. Na wewe, kwa kuwa utakuwa umeonja, utakubali. Utamleta mwingine huku."

"Nisingekubali."

"Minza."

Naam, angekubali. Aliliona hilo waziwazi, kama mtu anayeona uso wake majini. Angesema ni kwa muda mfupi tu, angeweka masharti mazuri, angewapangia mapumziko, na angempeleka mwingine kama huyu, dada yake mwenyewe, gizani huku akilia. Asingekuwa tofauti na Osmund, ila kwa uji.

"Unataka nini?" aliuliza.

"Nataka kulala. Nataka wazime, wasinipunguze tena kipande kwa kipande mpaka nibaki sikio tupu lisilojua ni la nani. Nataka nife nikiwa na jina la mama. Na nataka uniambie kwamba unakubali kutojua."

Minza aliipima ahadi ile, na ilikuwa nzito kuliko kitu chochote alichowahi kubeba. Kutojua kesho, na mwaka ujao, na siku anakufa. Kuna kitu chini ya miguu ya dunia nzima kilichojibiwa mara moja tu, na yeye angekuwa mtu aliyefunga mlango. Watoto wa shule wangeweza siku moja kusoma jina lake na kumlaani. Alijaribu kutafuta njia ya katikati akaikosa.

"Nakubali kutojua," alisema.

"Sema bila kucheka."

"Nakubali kutojua," alisema tena, na alikuwa akilia kwa kwikwi.

* * *

Kulikuwa na tatizo moja. Mashine ile, iliyokaa katika chumba cha baridi, haikuweza kuzimwa na mtu mwingine yeyote ila mkuu wa mitambo, kwa kiganja chake, na mkuu wa mitambo alikuwa Osmund Mbano. Minza hakuwa na ufunguo, wala cheo, wala kamati. Alikaa kidogo kitini na kofia mapajani. Kisha akajitanda khanga aliyokuwa amefungia chakula, akaenda kantini.

Ilikuwa saa ya chakula na watu walijaa. Osmund alikuwa kwenye meza ya kati, sahani mbele yake, hali. Minza alisimama mlangoni na kusema kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia mahali pale.

"Jamani, nimefiwa."

Vijiko vilinyamaza. Mpishi mkuu, mama Zubeda, alitoka jikoni akifuta mikono. "Pole, mwanangu! Umefiwa na nani?"

"Ndugu yangu. Yuko kule kwenye chumba cha baridi. Hajazikwa."

Hapakuwa na aliyeuliza zaidi. Watu wale walikuwa wakipita mbele ya chumba kile kila siku, na siri za kituo huwa siri kwa wenye ofisi tu. Mama Zubeda alivuta mtandio wake kichwani. Mtu mmoja akazima redio.

"Sina ndugu wa damu hapa," Minza akaendelea. "Lakini nina mtani. Leo amesema mbele ya Profesa kwamba baina yetu ulikuwa ni utani, na mtani akisema chukua, amesema. Mimi sibishi. Nimekubali kwamba ulikuwa utani." Akamtazama Osmund. "Basi kazi ya mtani msibani mnaijua."

Waliijua wote, Msukuma na asiye Msukuma. Mtani ndiye anayechimba. Mtani ndiye anayeshuka kaburini akaupokea mwili, na ndiye anayefanya vituko mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Anaweza kuchukua chochote katika nyumba ile na hadaiwi. Kitu kimoja tu hawezi: hawezi kukataa kuzika.

Osmund alikuwa amebadilika rangi. "Minza," alisema kwa sauti ya kuomba. "Ni kazi ya maisha yetu."

"Ya maisha ya nani?"

Profesa Rwegoshora alikuwa ameshafika mlangoni. Habari mbaya haina haja ya simu. "Osmund, kaa chini. Ukiigusa swichi ile huna kazi hapa, wala popote nitakapoulizwa habari zako."

Osmund hakukaa wala hakutembea. Watu wote walimtazama, na Minza aliona jinsi hesabu ilivyokuwa ikimpitia usoni. Kama ulikuwa utani, lazima azike. Asipozika, basi haukuwa utani hata siku ile, na alichokifanya kina jina lake, na kila mtu humu ndani analijua jina hilo. Mama Zubeda alimsogezea kiti njiani, kwa upole, ili apite.

Akapita.

Walimfuata mpaka chumba cha baridi, wengine wakabaki koridoni kwa kukosa nafasi. Mashine ilikuwa ndogo kuliko watu walivyofikiri, kabati la chuma lenye mvumo wa chini. Profesa alisimama nje akipiga simu ambayo haikupokelewa. Osmund aliweka kiganja kwenye kioo, taa ikawa ya njano, ikamsubiri athibitishe.

Hakuthibitisha mara moja. Alikuwa akitafuta kitu, na waliosimama karibu walielewa anachotafuta, kwa kuwa mtani hazikwi kimya na mtani haziki kimya.

"Wasukuma bwana," alisema hatimaye, akakohoa. "Wasukuma mna uroho. Hata kufa mnakufa mara mbili, ili mle ubwabwa wa msiba mara mbili."

Ulikuwa utani mzuri. Huko nyuma mtu aliguna kicheko, akakimeza. Osmund akabonyeza, taa ikazimika, na mvumo ukashuka taratibu mpaka chumba kikawa kimya kabisa. Mama Zubeda alianza kulia kama mtu anayelia ndugu yake.

Osmund aligeuka. Uso wake ulikuwa umelowa, na hakujifuta. Alisimama mbele ya Minza, akangoja. Kila mtu aliyekuwa pale alijua anangoja nini, kwa sababu ndivyo mambo yanavyomalizwa: mfiwa anamrudishia mtani tusi lake, zito kuliko lile alilotoa, watu wanacheka, na yaliyopita yanazikwa na marehemu. Minza alikuwa nayo matusi. Yalimjaa mdomoni, la panya, la mashimo, la mikono isiyonawa, jipya moja ambalo lingevunja mbavu za kituo kizima.

Alimpa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umeshika kiwiko, kama mtu anavyompa mkono mgeni wa heshima.

"Asante sana, Dokta Mbano," alisema. "Mungu akubariki kwa msaada wako."

Osmund alibaki ameushika mkono ule, akimtazama usoni, bado akingoja kutukanwa. Minza akautoa mkono wake polepole, akaenda kukaa sakafuni na wafiwa.